Nyanya Zinazokufa kwa Maji Mengi

Jana asubuhi jirani yangu, fundi redio, alinitamkia wazi juu ya ukuta kwamba nyanya zangu zinakufa na anayeziua ni mimi, ndiyo maana nakuandikia, mshauri, naomba unishike mkono. Nimeendesha malori ya masafa marefu tangu ujana, nyumbani nilikuwa nafika kubadilisha nguo na kulala, kwa hiyo nilipostaafu mke wangu alikuwa ameshafariki, binti yangu ameolewa mbali, na mtaani hakuna anayenijua isipokuwa huyu fundi, ambaye siku moja alinipitishia miche juu ya ukuta akasema, "Shika hii, Dereva, usije ukaanza kuongea na kuta," nikaipanda pale pale, na tangu hapo kila nikifungua bomba yeye huacha redio zake akaja kuegemea upande wake tukapiga soga, nikifunga anarudi kazini, basi nikaanza kumwagilia asubuhi na jioni, halafu na mchana, hata siku ya mvua.

Sasa matawi yamelala chini, majani yamekuwa ya njano, mengine yana madoa ya kahawia, na jana fundi akaniuliza, "Wewe, unamwagilia nyanya au unaosha lori?"

Nikamjibu ni jua kali.

"Jua gani, na usiku kucha imenyesha? Funga hilo bomba, bwana, mpaka udongo ukauke."

Nikalifunga, akarudi ndani, na mpaka naandika barua hii sijasema neno na mtu yeyote. Nikimtii, sina sababu ya kusimama ukutani. Nisipomtii, miche aliyonipa itaoza, na hapo hata cha kuongea hatutakuwa nacho. Nifanye nini?

Dereva Mstaafu

*

Dereva, pole kwa kufiwa, na pole kwa ukimya wa nyumba. Lakini fundi yuko sahihi. Mizizi ya nyanya inahitaji hewa kama inavyohitaji maji; udongo ukiwa tope kila wakati, mizizi huoza na majani hugeuka njano. Madoa hayo ya kahawia hupenda majani yaliyolowa, na wewe umekuwa ukiyaogesha.

Chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, ondoka. Kikitoka kikavu, mwaga maji asubuhi, chini kwenye shina, si juu ya majani. Kata majani yenye madoa na yote yanayogusa udongo, uyatupe mbali na bustani. Mche ambao shina lake limelainika na kuwa jeusi, ung'oe, huo hauponi. Tandaza nyasi kavu, ila zisiguse shina.

Sasa lile lililokufanya uandike. Bomba umeligeuza kuwa hodi. Mtu mzima, umevuka mipaka na shehena nzito, unashindwa kuzunguka kona ya ukuta? Aibu hiyo ni ya bure, na miche ndiyo inayoilipia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mtu mwenye kazi mezani haiachi asubuhi, mchana na jioni ili atazame maji ya jirani yakimwagika. Tena yeye mwenyewe amekwambia ufunge bomba, ingawa soga hiyo ilikuwa yake pia. Anaishi na nani? Hukuandika. Nadhani hujawahi kumuuliza.

Siwezi kukuahidi urafiki. Ninachojua ni kwamba nyanya zilizolala chini zinahitaji kufungwa kwenye fito, na kazi hiyo inakwenda vizuri ikiwa na watu wawili: mmoja anashika shina asilivunje, mwingine anafunga kwa kipande cha kitambaa, bila kukaza. Tafuta fito na vitambaa. Kisha Alhamisi jioni nenda mlangoni kwake, si ukutani, umwombe mkono wa pili siku ya Jumamosi. Akiwa na udhuru, atakuwa na muda wa kukwambia, nawe utazifunga peke yako taratibu. Akikubali, mwambie aje upande wako, apitie mlangoni.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, kabla jua halijakolea.