Kitenge cha Mdogo Wako

Baba Neema, mume wangu,

Jumamosi nilivua nguo nyeusi. Mwaka umepita tangu ile homa ikuchukue. Ukoo wako ulijaa hapa uani, wakala, wakanywa, kisha shangazi yako akaniita mbele. Mdogo wako, anayenunua dhahabu kule machimbo ya Kilo, alikuwa ameleta kitenge kipya. Unajua desturi ya kwenu: mjane akijifunga kitenge cha shemeji yake, amekuwa mke wake.

Kilikuwa kizuri, nisikufiche. Na ahadi zake zilikuwa tamu zaidi: nyumba ya matofali ya kuchoma, masomo ya Neema, mimi niache kuuza majani ya sombe sokoni. Dada yangu mwenyewe alinifinya mkono. "Kamata, weye! Mapendo inakuliwaka sawa ugali?"

Nilikuwa nakuona umeketi mlangoni na kisu, unanikatia vitunguu, majirani wanakucheka. "Mama Neema asilie," uliwaambia. "Acha miye njo nilie." Na kweli machozi yalikutiririka hadi kidevuni, maskini! Sasa nakata mwenyewe. Nakata, Baba Neema, na hakuna anayejua ninalia nini.

Basi nilikikunja kile kitenge, nikamrudishia shangazi kwa mikono miwili. Mdogo wako hakunitukana. Alisema tu kwamba kiwanja hiki ni cha ukoo, na aliyekataa ukoo hawezi kukikalia. Wazee wakakubali. Nimepata chumba upande wa pili wa mji, kidogo, na kinavuja.

Nyumba waichukue. Vyungu nitabeba. Lakini wewe umelala humu humu uani, nyuma ya jiko, na wewe siwezi kukubeba. Kila asubuhi nilifagia kaburi lako kabla ya kufagia nyumba. Nani atakufagilia? Ningejifunga kile kitenge ningebaki karibu nawe, lakini ningebaki nikiwa mke wa mtu mwingine. Nisamehe, mpenzi wangu. Sikuweza. Sikuweza kabisa.

Kesho tunaondoka. Neema ameniahidi kwamba siku nitakapokufa atakuja kuwaangukia wazee miguuni, nilazwe kando yako. Nami nakuahidi: hadi siku hiyo sitajifunga kitenge cha mwanamume yeyote.

Lala salama, mume wangu. Ninakuacha ili niendelee kuwa wako.

Mama Neema