Tope Tulilolipumzisha

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai kile kikohozi kimekuachia, na kwamba shemeji bado anajisifu mgongo wake umepona huku ndoo zote za maji unabeba wewe. Mwambie nimemuulizia. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya ofisi, maana subira ilinishinda. Unasema akina mama wameanza kusuka vikapu vipya, na kwamba Mama Pacha alichomeka vidole pale ukingoni mwa tope bila kukanyaga ndani, akarudi anarukaruka kama msichana, chaza wamejaa na wamenona. Unaniuliza siku ya kufungua ni lini. Nilicheka peke yangu, halafu nikaingia chooni nikalia.

Ngoja nikueleze taratibu. Unajua ubia huu ulivyoanza: serikali, halmashauri, bandari na ninyi mnaochimbua chaza hapo mlangoni mwa mto, wote meza moja, wote wenye mali. Siku ya kwanza nilikuja, mtu wa serikali na viatu vyangu vya ofisini, nikazama mpaka magotini, mkanicheka mpaka mbavu zikawauma. Lakini nilipotaja kulifunga tope misimu miwili ili chaza wakue, hakuna aliyecheka tena. Wenzako walikataa katakata. Ni wewe uliyesimama ukasema kama mdogo wako yumo humo, basi hakuna hila. Wakakubali kwa ajili yako.

Na mkalifunga kweli. Wewe ukafua nguo za watu, wengine wakauza mkaa kwa makopo, wengine wakakaa tu na njaa yao. Ukamkuta wifi yako anachimba alfajiri, ukamnyang'anya kikapu mbele ya watu, na mpaka leo mkipishana njiani kila mmoja anageuza uso. Hilo hukuniambia wewe, aliniambia shemeji.

Sasa dada, kaa chini. Bandari wanachimba mkondo ili meli kubwa zipite. Matope yanayotolewa huko, meusi, yananuka mafuta, lazima yamwagwe mahali. Tishari lao, kile chombo bapa cha kubebea mizigo, limeanza kuyamwaga, na linayamwaga kwenye tope lenu. Ninyi hamjaliona kwa sababu limeanzia ule upande wa mbali, nyuma ya mikoko, na ninyi mmejikataza hata kukanyaga. Nilikwenda na boti ya ofisi. Nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko nikitafuta chaza. Niliowapata walikuwa wameachama, wamekufa, ganda zima limejaa uchafu.

Nilirudi nikiwaka moto. Nikamvaa mhandisi wa bandari, nikamuuliza nani kawapa ruhusa. Akanijibu kwa upole, wala hakuwa na kiburi, kwamba ni mimi.

Na ni mimi kweli. Kwenye kikao cha kamati ya ubia aliuliza kama kuna watu wanaofanya kazi pale topeni kwenu. Mimi kichwa kikavimba, nikasimama nikasema hamna hata unyayo mmoja. Dada, nilikuwa najivunia wewe! Nilitaka wale wakubwa wajue kwamba akina mama wetu wakiahidi wameahidi. Nikawasimulia mpaka habari ya kikapu cha wifi yako, wakapiga makofi. Yeye akaandika kwamba mahali pale hapatumiki. Nilimwona akiandika. Sikuuliza anaandika nini, makofi yalikuwa matamu. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila safari hii mdomo ni wangu na vichwa ni vyenu.

Nimeomba wasimamishe, nimeomba mpaka nimejidhalilisha. Wanasema tishari limeshakodiwa, watamalizia sehemu iliyobaki wiki hii. Kisha mkuu wangu akaniita, akafunga mlango, akanimiminia chai kwa mkono wake. Jumamosi kamati itakuja kwenu kueleza kwamba huo uchafu mweusi umeletwa na mafuriko ya mto, kazi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa. Na nimechaguliwa mimi kusema. Nikisema mimi, wewe utaamini. Ukiamini wewe, wote wataamini.

Nimekubali, dada. Nilikunywa ile chai na nikakubali. Nina watoto, nina kodi ya nyumba, na nina woga, huo ndio ukweli wenyewe. Ningependa kukuahidi kwamba nikifika mbele yenu nitapata ubavu wa kusema kweli, lakini najijua. Ndiyo maana nakuandikia sasa, ningali nathubutu. Nikisimama Jumamosi nikaanza hadithi ya mafuriko, usinionee haya wala huruma. Simama, toa barua hii, uwasomee wote, na mimi nikiwa hapohapo nasikiliza.

Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda.