Shangazi Wadha Kapata "Hapana" Yake

Bir Hamda,
Mafraq, Jordan.
9 Machi, 2019.

Mpendwa binamu yangu Nijma,

Assalaam alaikum. Hujambo huko Bremen? Kifua chako je, na ile baridi yenu imepungua? Sisi wazima. Mvua imenyesha, mbuzi wameshiba, na mama yako, shangazi yangu Wadha, ana nguvu kutushinda sote. Hebu kaa kitako, maana habari yenyewe ni yake, na nisipoisema nitapasuka!

Mwezi uliopita alikuja mtafiti kutoka Ulaya, Bi Marit, kuchunguza maisha ya wanawake baada ya ukame. Mtu mpole, sina ubaya naye. Baba yako akammiminia kahawa. Yeye akainusa, akaogopa uchungu wake, akakiweka kikombe chini. Lo! Unatujua: mgeni akiweka kikombe chini hajanywa, ana haja, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumnyima. Baba yako papo hapo, "Kunywa kahawa yako, binti yangu. Unachotaka umeshapata." Mkalimani wake, kijana wa mjini Amman, akatafsiri kwamba familia imekubali kwa moyo mkunjufu. Moyo gani!

Basi mama yako akaulizwa, naye akajibu yote mbele ya kamera: mbuzi walivyokufa, na mdogo wako Shiha alivyoozwa akiwa na miaka kumi na mitano ili apungue mlaji mmoja. Mwishoni akaulizwa kama amesema kwa hiari yake. Akajibu, "Wewe ni mgeni wangu." Wao wakaandika ndiyo.

Baadaye tukasikia video ile itaonyeshwa kwa wafadhili, kisha iwekwe mtandaoni. Siku hiyo mama yako hakutia kitu kinywani. Shiha ndiyo kwanza amepata heshima kwa wakwe zake, na sasa ana mimba. Mawifi zake wasikie kwamba aliozwa kwa njaa? Wangemsimanga maisha yake yote.

Nikampigia Marit simu mimi mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha shule. Alishtuka, maskini, akasema atakuja kesho yake kuomba idhini upya. Mama yako akaruka: "Asije! Mwambie asije! Akija nitamkubalia tena!" Nikacheka, kisha nikaona ana haki. Ndani ya nyumba yake, mgeni hakataliwi.

Tukapanda basi kwenda Amman. Ofisini kwa Marit tukaletewa chai, na mama yako akainywa yote, upesi upesi, asije akadhaniwa ana la kuomba. Akafuta mdomo. "Leo mgeni ni mimi. Haya, niulize."

Marit akauliza, nami nikatafsiri: unakubali tuonyeshe maneno yako?

"Hapana."

Nijma, ungeuona uso wake! Akalionja neno lile, akalipenda. "Niulize tena." Marit akauliza tena, machozi yanamlengalenga. "Hapana, mwanangu. Hapana kabisa!" Video ikafutwa mbele ya macho yetu. Nikapiga kigelegele mlemle ofisini, mlinzi akaja mbio akidhani kuna moto.

Marit ameapa hatamwomba tena mtu idhini nyumbani kwake, pale anapobanwa na ukarimu wake mwenyewe. Mama yako naye ameota mabawa. Kondakta alimwomba asogee, hapana. Baba yako alitaka chai ya tatu, hapana. Sasa mzee ananilaumu mimi: "Umempeleka mjini mke wangu, umenirudishia nani huyu?"

Nimefurahi, Nijma, nimefurahi mno.

Baba yako anakusalimu, na mama yangu pia, anasema uongeze kula. Shiha anakusalimu sana na anakuomba nguo za mtoto, za sufu. Hajui lolote kati ya haya. Ukiongea naye kwa simu, usimwambie. Ndivyo mama yenu anavyotaka.

Mungu akutunze ugenini na akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye na kukungoja,

Muzna