Vyumba Sita vya Chanika

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Bibi yako miguu inamsumbua, ila kanisani bado anafika, mdogo mdogo.

Umeniuliza kwa nini nyumba yetu ina vyumba sita na sisi tunalala kimoja. Kosa ni langu.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Temeke, watoto watano wakilala mkekani. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, saruji ikaanza kuonekana madukani, nikapata kiwanja huku Chanika. Nikaapa kila mtoto atakuwa na chumba chake. Basi kila Jumapili ibada ikiisha, wenzangu walikwenda kula na watoto wao. Mie nilikuja huku kufyatua matofali na kuyamwagilia maji.

Mama yako alikuwa na miaka saba. Akaniambia, "Baba, dirisha langu lielekee barabarani, nikuone ukirudi."

Nikamjibu, "Subiri mwanangu, tukihamia tutakaa wote."

Nilijenga miaka kumi na tano. Siku fundi anapachika dirisha lile, mama yako alikuwa ameshaolewa Mbeya, na kaka zake kila mmoja ana kwake. Mungu alinipa watoto kwanza, nami nikawaacha ili nikawajengee pa kuishi.

Nyumba ni nzuri, haivuji. Jioni tukishasali, bibi yako hulala mapema. Mimi huenda kukaa chumbani kwa mama yako.

Mwambie dirisha lake linaona barabara yote, mpaka kule inapokata kona.

Babu yako