Baba Asije na Mgambo

Tunduma,
Jumatano.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje tangu mlipoanza kuchuma kahawa? Na Bibi, bado anakataa kuvaa soksi? Mimi na Shangazi ni wazima, ila moyo wangu hautulii. Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani Baba huiweka sauti kubwa, na haya nataka uyasome wewe kwanza. Barua nampa jirani yetu anayekuja Isansa kununua maharage.

Baba Mdogo alimpigia Shangazi. Anasema Jumamosi Baba anakuja na mgambo kumfunga Kaka Elia kamba na kumrudisha nyumbani. Mama, tafadhali mzuie.

Kwamba Kaka anajidunga unga, unajua. Usichojua ni hali ya rafiki yake Msafiri, yule mpakia mizigo aliyekula Krismasi kwetu. Macho yamekuwa ya njano na tumbo limejaa maji. Ni homa ya ini. Wenzake wengi huchangia sindano. Nimesoma sura yote ya ini kwenye kitabu cha Baiolojia, na kila nikirudia naogopa zaidi.

Chanjo ipo. Nilimpeleka Kaka zahanati, kumbe ilikuwa siku ya akina mama na watoto wachanga. Mama mmoja alipomwona akavuta mkoba wake karibu. Mhudumu akauliza kwa sauti, "Wewe teja, umemleta mtoto gani?" Kaka akacheka kidogo, akatoka. Mimi nikamfuata nje.

Baadaye wahudumu wengine walikuja na gari nyuma ya maegesho ya malori, anakoshinda Kaka na wenzake. Kuliona tu, wakadhani ni polisi. Wote wakakimbilia ng'ambo, Nakonde. Huku Zambia ni kuvuka barabara tu, na chanjo ikabaki upande wetu.

Ndipo nesi mmoja, Salome, akaja peke yake kwa miguu, kasha la baridi la chanjo begani kama la muuza barafu.

"Dada, lete lambalamba ya ukwaju!" wakamtania.

"Ninayo ya ini. Nani anaanza?"

Kaka akajitapa, "Nipe mimi. Sindano ndiyo kazi yangu."

"Haya fundi, mbona umefumba macho?"

Walicheka, naye Kaka akacheka nao. Salome alikuwa amempima kwanza, na hana ugonjwa. Mama, hana! Amechomwa ya kwanza, bado mbili. Salome huwapa pia sindano mpya wasichangie. Amemweleza Kaka kuhusu dawa ya kumsaidia kuacha unga. Hajakubali, lakini hajakataa.

Ya pili ni wiki ijayo. Wakiona mgambo watavuka tena, na safari hii hata Salome hawatamwamini. Juzi Kaka aliniambia, "Tabitha, usiniache nikawa kama Msafiri." Mama, Kaka hajawahi kuniomba kitu. Sasa hata darasani nasikia sauti yake.

Msalimie Bibi, na mdogo wangu Daudi asichane vitabu nilivyoacha chini ya kitanda. Mama Mkubwa mwambie aniombee, asitaje sababu kanisani.

Baba akitaka kuja, aje peke yake, mikono mitupu. Nitamwongoza kwa miguu mpaka alipo Kaka. Naogopa sana njia ile ya nyuma ya malori, lakini nitatangulia.

Binti yako,
Tabitha