Glasi ya Bishar

Mjukuu wangu Hodan,

Salamu kutoka Waberi. Sisi wazima, mbuzi wazima, na nyanya yako bado anatoa amri kama chifu.

Umesema chuo chenu kinaanzisha masomo ya kupona ugonjwa wa akili, na wanataka wewe, uliyeugua mwaka jana, ufundishe pamoja na daktari. Unaniuliza mimi babu yako, "Awowe, nani atamsikiliza mtu aliyekuwa mgonjwa?"

Nikiwa kijana nilikuwa nauza chai soko la mbuzi. Kaka yangu Bishar alikuwa ameugua akili, akapona, lakini watu bado walimwogopa. Hata mimi. Wateja niliwapa chai kwa glasi, yeye kwa kikombe cha plastiki.

Siku moja mama mmoja akaleta kijana wake, wiki nzima haongei wala hali. Sheikh wa msikiti akamsomea Kurani. Mimi nikamaliza mizaha yangu yote, hakucheka.

Bishar akakaa chini kando yake, akamuuliza pole pole, "Leo wanaongea wangapi kichwani?"

Kijana akamwangalia. "Watatu."

"Mimi walikuwa watano, na mmoja anaimba vibaya. Kunywa chai, wariya, kijana."

Kijana akacheka, akanywa. Sheikh akasema Subhanallah. Mimi naongea tangu nizaliwe, na sijawahi kumfungua mtu hivyo.

Nikammiminia Bishar chai kwa glasi, kama wateja wote.

Nenda ufundishe, hooyo, mama yangu. Nitakuja nikae kiti cha mbele. Lakini niliacha shule darasa la tatu, usinipe mtihani.

Awowe wako, hapa Waberi