Saa ya Mkono wa Kushoto

Nyeri, chini ya soko
Jumapili jioni

Kwako Baba,

Mama tulimpoteza Jumatano ya kwanza ya Januari. Kichwa kilichokuwa kikimuuma tangu kabla ya Krismasi, mimi habari zake nilizisikia mara ya kwanza siku ya mazishi, kutoka kwa jirani, nikiwa nimebeba sahani za wageni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo limenifanya nikae chini kuandika.

Sasa nikusalimu vizuri. Umeamkaje huko? Ng'ombe wa Mama ameshazaa, au bado anawazungusha? Mahindi yamekauka tayari kuvunwa? Huku mimi ni mzima. Baridi ya mwezi huu inaingia hadi kwenye mifupa, mlima hatujauona wiki mbili kwa ukungu, na mafundi wangu wawili wanashona wakiwa wamevaa makoti. Kazi iko. Wachuma chai wa Wamagana na vijiji vya karibu wote wanataka aproni za plastiki kwa wakati mmoja, kwa hivyo silalamiki.

Ninacholalamikia unakijua. Kaka Elphas aliniambia baadaye kwamba ni wewe uliyesema, "Msimsumbue Everlyne, ni msimu wa sare." Baba, Januari ile nilishona sare za shule mia tatu na zaidi, na hakuna hata moja ambayo ningeshindwa kuiacha mezani.

Halafu baada ya mazishi wewe pia ukapimwa, ukaambiwa una presha kama ile ya Mama, na kwamba utembee kila asubuhi. Tangu hapo nikikupigia simu nakuuliza, "Baba, umetembea?" Unajibu, "Nimetembea sana, mimi mzima," halafu unampa Elphas simu. Ndiyo maana hii ni barua. Barua huwezi kumpa Elphas kabla sijamaliza kusema.

Kuna saa siku hizi, Baba, ambayo kuonyesha saa ni kazi yake ndogo. Inahesabu hatua za mtu, inasikiliza moyo kupitia ngozi ya mkono, na jioni inaipa simu habari zote. Nilianza kuziona kwa wateja, nikadhani ni urembo wa watu wa ofisini. Mwezi huu nimeingia katika habari hiyo kwa miguu yote miwili, na nakwambia ukweli, nimeshangaa. Lakini si zote. Kuchagua ndiko kulinitoa jasho.

Muriuki, jirani yangu anayeuza simu, alinipa kwanza nyeusi inayong'aa. "Fundi, chukua hii. Iko na kila kitu. Hatua, moyo, hata presha inapima."

"Presha? Bila kufunga mkono ule mpira?"

"Ati hata madaktari wanavaa."

Nina mteja ambaye ni muuguzi. Nilimuuliza akija kuchukua sare yake, akacheka mpaka akashika kaunta. Akaniambia nisiamini presha inayosomwa na saa ya bei ile. Presha yako ipimwe zahanati, kwa ule mpira wa mkono, na saa iachiwe mwendo na mapigo ya moyo. Basi hiyo nyeusi ilikuwa imeshadanganya mara moja hata kabla sijaivaa.

Nikarudi kwa Muriuki nikamwambia anipe ile nyeusi pamoja na nyingine yenye mkanda wa kijani, nikae nazo siku nne, nimwachie kitambulisho changu. Akasema, "Ukizikwaruza umezinunua zote mbili." Nikamwambia sawa, na yeye akikikwaruza kitambulisho changu amenioa. Akanifungia zote mbili.

Nilizivaa zote mkono mmoja, nikatembea hatua mia tano, nikizihesabu mwenyewe kwa mdomo kama mwendawazimu, kutoka mlangoni kwangu kupanda kuelekea stendi. Nyeusi iliandika mia sita na arobaini. Ya kijani iliandika mia tano na sita. Hatua sita naweza kusamehe. Mia moja na arobaini ni wizi.

Halafu nikampelekea Wangui. Huyu ni mchuma chai wa Wamagana, mteja wangu wa kwanza kabisa nilipokuwa na cherehani moja ya kukodi, na sasa ni kama dada. Nilimwomba azivae akiwa shambani. Asubuhi nzima alichuma mistari michache tu, amesimama, mikono ndiyo inayokwenda, unajua mikono ya mchuma chai haitulii. Saa sita tukazitazama. Ile nyeusi ilisema ametembea mwendo wa kutoka Wamagana hadi Othaya.

"Kumbe nilienda Othaya," Wangui akasema, "na sikuleta hata ndizi."

Ya kijani nayo iliongeza kidogo, siwezi kuficha hilo. Lakini ilielewa kwamba huyu mtu amesimama. Na jioni alipobeba kikapu kwenda kupimiwa chai, hapo ikahesabu vizuri, kupanda na kushuka.

Utauliza kwa nini nilimpa mchuma chai. Ni kwa sababu yako, Baba. Wewe unakaa kwenye kigoda kutoka asubuhi ukisokota kamba za mkonge, kiganja cha kulia kinakwenda na kurudi kwenye paja siku nzima. Ningekununulia ile nyeusi, ingesema umetembea mpaka Kisumu, na wewe ungenionyesha ukitabasamu. Kwa hivyo ni ya kijani, na ni ya mkono wa kushoto, ule unaoshika tu.

Namba zake ni kubwa, nilizisoma bila miwani. Maji haiogopi. Chaji moja inakaa zaidi ya wiki, Elphas ataichaji Jumapili mkiwa kanisani.

Lakini kilichonimaliza si hayo. Alhamisi nilikuwa nimeivaa, nimekaa kwenye cherehani, Afande Wycliffe akaingia kuchukua suruali yake. Huyu ni yule kijana wa kwa Mzee Amunga, polisi hapa, ndiye amekuletea barua hii. Akasema, "Dada, Jumatatu naenda nyumbani tena. Nitamwona Mzee. Natumaini ule mguu umepona."

Nikamuuliza, "Mguu gani?"

Akatazama suruali. "Mimi sijasema kitu."

"Wycliffe, mguu gani?"

Ndipo akanieleza. Kwamba mwezi jana ulishikwa na kizunguzungu ukitoka kanisani, ukaangukia mtaroni ukaumia mguu, ukabebwa nyumbani. Kwamba alikuwepo, na ni wewe mwenyewe uliyemwambia, "Ukirudi Nyeri usimwambie msichana wangu."

Nilikuwa nimekaa vilevile, mguu kwenye kikanyagio, kitambaa mkononi. Saa ikatetemeka. Nikaitazama, imeandika mapigo mia moja ishirini na nne, na maneno madogo chini yake, kwamba moyo unakwenda mbio ilhali mwili umetulia.

Wycliffe akauliza, "Hiyo imeharibika?"

Nikamwambia hicho ndicho kitu pekee kizima humu ndani.

Sikulala vizuri nikifikiria kitu kidogo vile, chepesi kama vifungo vya koti moja, kimekaa mkononi siku tatu tu na kimekataa kuficha. Haikuuliza kama ni msimu wa sare. Iliona moyo unakimbia, ikasema. Nimeipenda kwa hilo kuliko kwa hatua zote ilizohesabu.

Baba, hesabu ninayoendeshea duka hili ni yako. Ulinikalisha karibu nawe nihesabu mafungu ya kamba kabla sijaanza shule. Mama alikuwa akikucheka kwa sababu kamba ikipungua shubiri moja uliifumua yote na kuanza upya, na mnunuzi amesimama hapo anangoja. Sijawahi kuona mtu mwaminifu kwa kipimo kama wewe, na kila aproni inayotoka hapa naipima nikikukumbuka. Sasa niambie, wewe ambaye hukuwahi kumuuzia mtu kamba pungufu, kwa nini mimi unanipa habari pungufu?

Najua mkono wa kushoto una saa ya Mama. Nilikuona ukiifunga siku tuliyomzika. Sisemi uivue, ihamie kulia. Hata kama imesimama, haitajali.

Nisalimie wifi Rose, na umwambie nimeona chumvi aliyopunguza kwenye mboga zako, Elphas alilalamika kwa simu, kwa hivyo namshukuru. Nisalimie Elphas mwenyewe, bado nina neno naye. Nisalimie shangazi Berita wa kikundi cha akina mama kanisani, na wale wote waliokuinua mtaroni, ambao majina yao sikuambiwa.

Muriuki ameniwekea saa hadi Jumamosi. Wycliffe anaondoka huko Ijumaa, na atapita kwako kabla ya saa nne asubuhi. Nyuma ya karatasi hii nimeacha nafasi. Usiniandikie kwamba wewe ni mzima, nimeshaisikia hiyo. Saa hii ukiivaa, kila jioni itaipa simu ya Elphas habari ya moyo wako, na mimi huku nitaiona kwenye simu yangu, nzuri na mbaya, bila mtu kunichagulia. Ukikubali hilo, nanunua. Ukikataa, nitafunga duka na kuja mwenyewe kukaa karibu na kigoda chako, msimu au si msimu.

Jibu kwa mkono wako, Baba, na umpe Wycliffe Ijumaa kabla ya saa nne: utaivaa na kuniacha nione, ndiyo au hapana?

Ni mimi msichana wako,
Everlyne